UZI: Calanques, majabali meupe kati ya Marseille na Cassis. Mnaokuja huku someni kabla hamjakata tiketi

Msafiri wa Mizingani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila kiangazi kikikaribia napokea jumbe za watu wa humu wanaokuja Marseille: wengine kwa semina, wengine harusi za ndugu zao Wangazija, wengine wanapita tu wakielekea Paris. Swali ni lile lile, "Nina siku mbili, nione nini?" Nikisema Calanques wanaingia mtandaoni, wanakutana na picha ya maji ya kijani na kipande cha mchanga, wanakuja na ndala na taulo begani. Nimechoka kuandika maelezo yale yale, kwa hiyo nayaweka yote hapa. Atakayeniuliza tena nambandikia linki.

Ukitoka Les Goudes, kijiji cha wavuvi kusini kabisa mwa Marseille, mpaka mji mdogo wa Cassis, pwani yote ni milima ya mawe ya chokaa inayotumbukia baharini. Meupe kiasi cha kuumiza macho saa sita mchana. Kila baada ya kitambo bahari imepenya katikati ya milima, likatokea hori jembamba lenye majabali kulia na kushoto. Hilo ndilo linaloitwa calanque. Kutoka magharibi utazikuta Callelongue, Sormiou, Morgiou, Sugiton, En-Vau, Port-Pin, na mwisho Port-Miou mlangoni mwa Cassis. Zipo nyingine ndogondogo lakini kwa mgeni hizo zinatosha. Mlima mrefu katikati yake ni Mont Puget, zaidi ya mita 560, na unayasimamia maji moja kwa moja.

Eneo hili ni hifadhi ya taifa tangu 2012: hekta 8,500 za nchi kavu na 43,500 za bahari. Usitegemee lango, wala askari wa kukukatia tiketi. Nyumba za mwisho za jiji la pili kwa ukubwa Ufaransa zinaishia pale pale hifadhi inapoanza.

Sasa wapi pa kwenda.

Kama huna gari, anza na Sugiton. Basi la B1 kutoka kituo cha Castellane, mjini, linakushusha Luminy, chuo kikuu, na njia inaanzia nyuma ya majengo ya chuo. Ni njia pana, ndani ya misonobari, unapanda taratibu mpaka mahali milima inapofunguka na bahari yote inakuja mbele yako kwa mkupuo. Chini utaona jiwe limesimama majini peke yake, limechongoka upande mmoja. Wenyeji wanaliita Le Torpilleur kwa sababu kwa mbali utasema ni manowari. Wengi wanapiga picha hapo na kurudi, na hawajakosa kitu kikubwa. Ukitaka kushuka mpaka majini, sehemu ya mwisho utatumia mikono.

En-Vau ndiyo ya kwenye kadi za posta. Majabali wima, hori jembamba, ufuko mdogo wa kokoto mwishoni, na nguzo ya jiwe inayoitwa Kidole cha Mungu. Wapanda miamba wameichezea kwa vizazi. Gaston Rébuffat, aliyekuwa kwenye msafara wa Wafaransa wa kupanda mlima Annapurna, Himalaya, mwaka 1950, ni mzaliwa wa Marseille na alijifunzia kazi kwenye majabali haya. Lakini sikilizeni. Njia ya kushukia En-Vau imekanyagwa na watu wengi mno kwa miaka mingi mno, mawe yamesuguliwa na soli mpaka yanang'aa kama sakafu ya marumaru. Hakuna tone la maji na bado unateleza. Raba ya mjini yenye soli laini haikusaidii kitu. Mnajiuliza kwa nini helikopta ya uokoaji inaonekana mara kwa mara, basi sababu mojawapo ni hiyo.

Upande wa pili wa ghuba ya Cassis kuna Cap Canaille na majabali ya Soubeyranes, mita 394 kwenda juu, ndiyo magenge marefu kuliko yote ya baharini Ufaransa. Hayo si meupe. Ni mekundu, ya mchanga ulioshikana na kokoto zilizogandishwa pamoja. Ukikaa bandarini Cassis jioni jua likiyapiga unaona pwani moja ina rangi mbili, kulia kama chaki, kushoto kama udongo wa Singida. Barabara ya juu yake inaelekea La Ciotat na wanaifunga upepo ukichachamaa.

Msimamo wangu, na nitaugombania: usije Agosti. Njoo Februari mpaka Mei, au Oktoba. Ukija Agosti utaona migongo ya watu.

Karibuni kwa maswali.

Tandale Junior

Mkuu uzi bila picha ni taarabu bila udi. Weka picha kwanza.

Msafiri wa Mizingani

Picha zimejaa mtandaoni, ndizo zinazowaponza. Soma.

Mtoto wa Mnarani

Asante sana kwa hii. Mimi ni wa Kilifi. Swali la mtu wa pwani: si maji yakipwa unaweza kuzunguka kwa chini, ukatembea kwenye mwamba kutoka hori moja hadi jingine bila kupanda hiyo milima? Huku kwetu bamvua maji yakitoka unaenda kwa miguu mpaka mbali.

Msafiri wa Mizingani

Kaka, hapa hakuna kupwa. Nilipofika nilikuwa nakaa ufukweni nasubiri maji yatoke, hayatoki. Tofauti ya kujaa na kupwa Marseille ni sentimita 20 mpaka 40 tu, wakati kwetu bamvua ni karibu mita nne. Mediterania ni beseni lililofungwa, mlango wake na bahari kuu ni ule mlango mwembamba wa Gibraltar, hakuna nafasi ya maji mengi kuingia na kutoka kwa saa sita. Upepo na mgandamizo wa hewa vinabadilisha kina cha maji kuliko mwezi.

Ndiyo maana majabali yanaingia majini wima bila kipwa wala ufuko. Ukitaka kupita kwa chini ni kuogelea au kayaki.

Na hapo pana kitu kizuri wengi wanakipita bila kujua. Kwenye barabara ya Corniche, kabla hujafika huko kwenye majabali, kuna kijumba cha kupimia kina cha bahari. Walipima hapo kuanzia 1885 mpaka 1897, wakachukua wastani, na wastani huo ndio sifuri ya vimo vyote vya Ufaransa bara. Ukiambiwa Mont Blanc ina mita kadhaa, zimehesabiwa kuanzia hapo. Na tangu wakati huo bahari imepanda zaidi ya sentimita 15 hapo hapo.

Nyundo ya Jiwe

Nimesoma jiolojia Dar, nimevutiwa na hili la hori. Mtoto wa Mnarani, wewe una calanque nyumbani kwako hujijui. Kilifi Creek, na zile hori za Mombasa zinazozunguka kisiwa, ni mabonde ya mito yaliyozama. Wakati wa enzi ya barafu maji mengi ya dunia yaligandishwa huko kaskazini, bahari ikashuka mita 120 hivi kuliko leo, mito ikachimba mabonde mpaka kule chini. Barafu ilipoyeyuka bahari ikapanda ikayajaza. Kilifi ikawa hori, En-Vau ikawa hori. Tofauti ni mwamba: kwenu kingo ni matumbawe ya kale na ni fupi, kule ni chokaa ngumu ya mamia ya mita.

Ila kule Mediterania kuna sura moja kwetu haipo. Takriban miaka milioni 6 iliyopita njia za maji zilizoiunganisha na Atlantiki zilifungwa na bahari ile ikakauka kwa sehemu kubwa, ikabaki chumvi. Mito iliyokuwa ikiishia ufukweni ikajikuta inaning'inia juu ya shimo la zaidi ya kilomita moja, ikachimba chini kwa fujo. Maji ya ndani ya mwamba nayo yakatafuta njia chini zaidi na zaidi. Miaka milioni 5.3 iliyopita Atlantiki ikarudi ikaijaza.

Ushahidi mmojawapo uko Port-Miou. Chini ya hori lile kuna mto. Unatiririka ndani ya mwamba na kumwaga maji yake baharini chini ya uso wa maji. Wazamiaji wameufuata ndani ya pango mpaka kina cha zaidi ya mita 200 na haukuisha. Mto hauwezi kuchimba mita 200 chini ya bahari iliyopo, kwa hiyo bahari wakati ule haikuwepo hapo.

Mtoto wa Mnarani

Wacha! Kwa hivyo maji matamu yanatoka chini ya chumvi? Si wangeyachota wanywe?

Nyundo ya Jiwe

Walijaribu. Miaka ya 1970 walijenga ukuta ndani ya pango, chini ya maji, kuizuia bahari isiingie. Chumvi ikapungua lakini haikwisha. Bahari inaingilia chini zaidi, kwenye mikondo ile ya zamani ambayo hakuna anayeifikia. Wakaacha.

Mchumia Juani

Mimi nina hoja tofauti. Nasikia huko Sugiton siku hizi lazima uombe nafasi mtandaoni, watu 400 kwa siku, usipokuwa na msimbo wa QR unapigwa faini. Bahari ya Mungu mtu anaombea ruhusa! Hawa wenzetu wakishashiba wanaanza kuzuia watu wengine wasifike. Kesho watatuletea na sisi.

Msafiri wa Mizingani

Kuomba nafasi ni bure, na ni kwa kipindi cha kiangazi tu, ukija Machi hakuna anayekuuliza. Walianza 2022. Kabla ya hapo siku za joto walikuwa wakishuka watu mpaka 2,500 kwenye kihori ambacho ukikiona hutaamini. Udongo ule ni kiganja tu juu ya mwamba. Watu wakikanyaga nje ya njia unamomonyoka, mvua moja ya Oktoba inaupeleka baharini, na msonobari unabaki na mizizi hewani. Nenda pale juu ya ufuko uone: mizizi imening'inia usawa wa goti, mti umeshikilia jiwe tupu. Mti huo ukianguka hakuna mwingine utakaoota, kwa sababu hakuna udongo wa kuotea.

Faini ni euro 68, kama unapenda kubishana.

Mchumia Juani

Bado sijaridhika. Wenye boti zao wanaingia.

Msafiri wa Mizingani

Hapo una hoja, sikatai. Ndiyo maana wamebana na boti pia: mahali pa kutia nanga pana masharti, na meli za zaidi ya mita 24 haziruhusiwi kutia nanga juu ya majani ya bahari. Yale majani, Posidonia oceanica, yapo Mediterania tu duniani na yanatambaa sentimita chache kwa mwaka. Nanga moja ya tajiri inang'oa kazi ya karne. Lakini kama unauliza nani anabanwa zaidi, mwenye ndala au mwenye yoti, jibu unalijua.

Sardini

Kwa anayelalamikia Sugiton, mimi nipo Italia, Sardinia mashariki kuna Cala Goloritzé, ufuko chini ya mnara wa jiwe wa mita 143. Huko ni watu 250 kwa siku na UNALIPA, na boti haziruhusiwi kushusha mtu. Unapanda na kushuka kwa miguu kwenye joto. Watu wanalipa na wanashukuru.

Nahodha Mstaafu

Vijana mnaongelea mawe tu. Hakuna aliyetaja upepo, na pwani ile mwenye amri ni upepo. Nimefanya kazi meli za abiria zikitia nanga Marseille miaka na miaka. Mistral unatoka kaskazini, unashuka bonde la mto Rhône, unakuja mkavu na baridi na anga ya buluu bila wingu. Hapo ndipo unapomdanganya mgeni. Sisi tumezoea upepo mbaya unakuja na mawingu, kusi likichafuka unaliona linakuja. Huu unakuja na jua kali na siku nzuri ya kupiga picha.

Ukisimama kwenye hori lililofichwa na mlima maji yametulia, unasema leo shwari. Toka mita mia mbili nje ya rasi uone. Upepo unakusukuma kwenda baharini, si kuja pwani, na mtu wa kayaki hana pa kushika mpaka Afrika.

Na jambo la pili. Mistral ukivuma siku mbili unayasukuma maji ya juu yaliyopata joto kwenda nje, yanapanda ya chini. Leo maji nyuzi 24, keshokutwa 16. Mwezi wa saba, jua la kuchoma, mtu anaruka kutoka kwenye jabali anakutana na maji hayo. Kifua kinabana. Nimeona.

Mngazija 13

Nahodha umenena. Mimi nimezaliwa hapa hapa Marseille, wazazi Ngazidja, Kiswahili nimekipata kwa bibi aliyekulia Unguja, mtanivumilia. Huku Wangazija tupo makumi ya maelfu lakini ukienda kwenye njia za Calanques unatuona wachache. Wazee wetu walikuwa watu wa meli na bandari, mlima haukuwa starehe kwao. Sasa vijana tunaenda.

Naongeza la moto, maana Msafiri hakuligusa. Kuanzia 1 Juni mpaka 30 Septemba kila siku jioni, saa kumi na mbili, wanatangaza rangi ya kesho: kijani, njano, machungwa, nyekundu. Nyekundu maana yake msitu umefungwa, usiende, hata kama umetoka Nairobi. Inaonekana kwenye programu ya simu ya hifadhi. Mwaka 2009 moto ulianzia kwenye mazoezi ya risasi ya jeshi kambi ya Carpiagne, ukala zaidi ya hekta 1,000 mpaka kwenye nyumba za mashariki mwa jiji. Mahali pengine kule juu mpaka leo ni vichaka tu.

Sigara acha nyumbani. Si utani.

Na maji ya kunywa hakuna. Hakuna bomba, hakuna duka, hakuna chemchemi. Mvua ikinyesha inapotelea kwenye nyufa za mwamba inakwenda kuulisha huo mto wa Port-Miou. Lita mbili kwa mtu ndiyo kidogo kabisa.

Bi Shangani

Nimesoma yote. Mwanangu aliniambia kuna pango huko lenye michoro ya watu wa kale na mlango wake uko chini ya bahari. Kweli au maneno ya Instagramu?

Msafiri wa Mizingani

Kweli kabisa Bi Shangani. Pango la Cosquer, kwenye rasi ya Morgiou. Mlango uko mita 37 chini ya maji, halafu kuna njia nyembamba inayopanda ndani ya mwamba kwa mita 175 hivi mpaka ukumbi ambao sehemu yake ni kavu. Mzamiaji Henri Cosquer alilipata mwaka 1985 akakaa kimya. Mwaka 1991 wazamiaji watatu wakapotea na kufa ndani ya ile njia, mwezi huo huo ndipo akatoa taarifa serikalini. Likafungwa. Hata leo wanaingia watafiti tu.

Ndani kuna mamia ya michoro na alama za viganja, nyingine vidole havijakamilika. Za kale zaidi zina zaidi ya miaka 27,000, nyingine karibu 19,000. Kuna farasi, mbuzi mwitu, sili, na ndege watatu wasioruka waliofanana na pengwini. Ndege hao wamekwisha duniani tangu 1844. Fikiria ndege wa baridi kali hapa, ambapo mwezi wa nane unatembea unatoka jasho la kichwa.

Wachoraji hawakupiga mbizi, tuseme hivyo kabla mtu hajauliza. Ni ile ile habari ya Nyundo ya Jiwe. Bahari ilikuwa chini mita 120 na ufuko ulikuwa kilomita kadhaa mbele. Mlango wa pango ulikuwa mlimani. Watu waliingia kwa miguu.

Na sasa maji bado yanapanda. Kuna farasi waliochorwa chini ukutani, bahari inawalamba miguu. Ndiyo maana wakajenga nakala ya pango karibu na Vieux-Port, bandari ya zamani ya Marseille, imefunguliwa Juni 2022, unapanda kigari kidogo kinakuzungusha gizani. Mimi nakala huwa sizipendi ila hii nilitoka nikiwa kimya.

Bi Shangani

SubhanAllah. Hiyo naweza mimi na magoti yangu. Milima hiyo nyingine niachieni.

Tandale Junior

Mkuu nimesoma bila picha na nimeelewa. Endelea.

Gozo Dereva

Mimi naendesha gari la watalii Gozo, Malta. Niwape onyo la mawe. Hapa Dwejra kulikuwa na dirisha la jiwe baharini, Azure Window, tao la karibu mita 28. Watu walikuwa wanatembea juu yake japo ilikatazwa. Tarehe 8 Machi 2017 asubuhi, dhoruba, likaanguka lote, nguzo na paa, halikubaki hata kisiki. Leo nashusha wageni pale wanauliza liko wapi, nawaonyesha hewa.

Nalo lilikuwa la chokaa. Ila pale pale kuna bahari ya ndani, ziwa la maji ya chumvi lililozungukwa na magenge, linaungana na bahari kuu kwa pango ambalo mashua za wavuvi zinapita. Lilitokea paa la pango kubwa lilipoporomoka. Na mbele kidogo jiwe ambalo wakuu wa zamani wa Malta waliliwekea walinzi kwa sababu ya mmea waliodhani ni dawa ya kuzuia damu. Kuiba mmea ule ilikuwa kosa zito.

Kwa hiyo watu wakisema "nitakwenda mwakani jiwe halikimbii", linakimbia.

Mchumia Juani

Sasa hapo kwenye usafi. Mnatupigia debe hifadhi, majani ya bahari, mizizi ya msonobari. Mbona hamsemi kuhusu matope mekundu? Kiwanda cha alumina (unga wa kutengenezea aluminiamu) cha Gardanne kilikuwa kikimwaga taka zake kwa bomba hadi kwenye korongo la chini ya bahari mbele ya Cassis. Hifadhi ikaanzishwa 2012 na bomba likaendelea kumwaga! Maskini akichuma jani anapigwa faini.

Mngazija 13

Ni kweli, na hapa watu waligombana sana. Bomba lilianza miaka ya 1960, lilimwaga kilomita saba nje, kina cha mita 320 hivi, kwenye korongo la Cassidaigne. Matope yalisitishwa mwisho wa 2015, lakini maji ya kiwanda yaliendelea kuruhusiwa baada ya hapo. Wavuvi wa Cassis walisimama, wanamazingira walisimama, wafanyakazi wa kiwanda nao wakasimama upande wao kwa sababu ya ajira. Baba yangu alikuwa na rafiki anafanya kazi kule, nyumbani hatukulizungumza kwenye chakula.

Lakini Mchumia, hata hiyo vita si mpya. Mwaka 1910 watu wa hapa waliandamana Port-Miou kupinga machimbo ya mawe yaliyokuwa yanalimega lile hori. Ukipita leo utaona ukingo mmoja umekatwa ngazi ngazi, si wa asili. Ni machimbo. Yaliendelea miaka mingi baada ya maandamano.

Nyundo ya Jiwe

Na samaki? Kuna nafuu yoyote?

Msafiri wa Mizingani

Kwenye maeneo yaliyofungwa kabisa kwa uvuvi, karibu asilimia 10 ya bahari ya hifadhi, chewa wamerudi. Chewa wakubwa wa kahawia wanaokaa kwenye mapango ya mwamba. Ukivaa miwani ya kuogelea karibu na visiwa vya Riou siku ya maji safi unawaona wamesimama wanakuangalia, hawana haraka. Ukitoka nje ya mpaka hawapo. Unaweza kuuona mpaka bila ramani.

Dada wa Kigoma

Kaka Msafiri, nakuja Marseille Aprili na mama (ana miaka 68, anatembea vizuri ila si mlima) na watoto wawili wadogo. Tupo siku tatu. Tufanyeje, na tutakula nini huko?

Msafiri wa Mizingani

Karibu sana dada, na mama pia. Aprili ni wakati mzuri, msitu haufungwi kwa moto na maua ya mlimani yapo.

Siku ya kwanza treni kutoka Saint-Charles, stesheni kuu ya Marseille, hadi Cassis, nusu saa haifiki. Stesheni iko juu, zaidi ya kilomita tatu kutoka bandarini, kwa hiyo msitembee na mama, chukueni basi. Bandarini pandeni boti ya kutembeza watu. Wanauza tiketi kwa idadi ya hori mtakazoziona, chache kwa safari fupi. Kwa boti mama ataiona En-Vau kutoka majini, na kusema kweli ndiko inakoonekana vizuri. Boti haiteremshi mtu. Upepo ukiwa mkali hazitoki, kwa hiyo msiliweke hili siku ya mwisho.

Mama akiwa na nguvu, tembeeni kando ya Port-Miou, zile mashua zimefungwa kwa safu kwa zaidi ya kilomita, kisha Port-Pin. Njia ina mawe lakini haina genge. Port-Pin ina mchanga kidogo na kivuli, watoto watacheza. Mkifika hapo rudini. Msidanganywe na mtu atakayesema En-Vau ni hapo mbele tu.

Siku ya pili pango la nakala na Vieux-Port, vyote viko karibu. Siku ya tatu basi la 19 mpaka La Madrague de Montredon, halafu la 20 mpaka Callelongue. Barabara inaishia kwenye hori lenyewe, mama anashuka garini anaona.

Mngazija 13

Dada, chakula msinunue Cassis, bei zake ni za wenye yoti. Asubuhi piteni soko la Noailles, katikati ya jiji, hatua chache kutoka Vieux-Port. Matunda, mikate ya Waarabu, sambusa, nyama halali, na maduka ya watu wetu yenye mihogo na ndizi za kupika. Chukueni mikate, zeituni, machungwa na maji ya kutosha. Jumapili nenda mapema, mengine yanafunga mchana.

Dada wa Kigoma

Asanteni sana ndugu zangu. Viatu vya watoto raba za kawaida zinatosha Port-Pin?

Msafiri wa Mizingani

Port-Pin zinatosha, mradi soli ina meno. Mama mtafutie fimbo.